Gari la Kamati Halirudi Nyuma

Wananchi walitangaziwa kwamba sasa wana barabara. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la Halmashauri, likapitishwa mtaani asubuhi, likapitishwa tena jioni kwa ajili ya wenye shaka: barabara ya kuingilia eneo la mradi kule kilimani ipo, ni pana, ni imara, imekidhi vigezo vyote, na kilichobaki ni Kamati kwenda kuangalia iko wapi.

Aliyeliandika tangazo hilo alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapitio ya Njia za Kuingilia Maeneo Yanayokusudiwa Kuendelezwa, jina ambalo lilikuwa refu kuliko njia zenyewe. Mtaani walimwita Kimsingi, kwa sababu hakuweza kuomba hata chumvi mezani bila kutanguliza neno hilo. Yeye alilipokea kama jina la heshima. Alikuwa mtu wa kitambi cha wastani, viatu visivyojua vumbi, na imani kubwa kwamba jambo likishaandikwa limeshatokea.

Mradi wenyewe ulikuwa wa nyumba za kisasa: kila nyumba na bustani yake, kila bustani na ukuta wake, kila ukuta na seng'enge yake. Mwekezaji alikuwa na michoro, alikuwa na saruji, na tayari alikuwa amemwonyesha Mwenyekiti kiwanja cha kona, kwa kidole tu, bila maandishi, kama waungwana wanavyofanya. Alichokosa ni njia ya kufikia huko. Sheria ilisema wazi kwamba hapajengwi mji bila barabara inayoweza kupitisha gari la zimamoto. Halmashauri haikuwa na gari la zimamoto, lakini upana wake ilikuwa nao, umechorwa na kubandikwa ukutani ofisini kwa Mhandisi.

Huyu Mhandisi alikuwa na kasoro moja iliyomchelewesha kupanda cheo: alikuwa akisema anachokiona. Kikao cha kwanza cha mapitio hakijapoa, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, njia ipo. Ile ya zamani ya malori ya mawe. Imenyooka, ina changarawe chini, inatoka barabara kuu inafika mpaka juu. Sijui tunahangaika nini."

Katibu akaacha kuandika. Kila mtu pale ndani alijua njia ya malori ya mawe imekuwaje. Katikati yake ilisimama nyumba ya Mwenyekiti, ya ghorofa, mpya, imejengwa kutoka ukuta wa kushoto hadi ukuta wa kulia ili asipite mtu hata kwa ubavu. Kibali cha kujenga hakuwahi kuomba, maana angelazimika kujiomba mwenyewe, na yeye alikuwa mtu mgumu kuombwa.

Asiyejua alikuwa mmoja tu: Mkurugenzi mpya, mama mpole aliyehamishiwa pale juzijuzi, mwenye mkoba mkubwa na sauti ndogo.

"Njia hiyo ina shida gani?" akauliza.

"Kimsingi, Mheshimiwa, haipo," akasema Mwenyekiti. "Ilishakufa. Pale ni pori tupu. Hakuna njia, hakuna jengo, hakuna mtu. Ni miba na nyoka."

"Nyoka?"

"Wakubwa."

"Basi iandikwe," akasema Mkurugenzi.

Katibu akaandika: pori tupu, halina jengo, nyoka wakubwa. Mhandisi akafungua kinywa, akakanyagwa mguu chini ya meza, akakifunga. Ndivyo taasisi zinavyojenga umoja.

Pori lilipokwisha kuondolewa, ikabaki njia moja: kichochoro. Kilikuwa kati ya karakana ya seremala na nyumba ya mshonaji, kichochoro cha watu wanaopishana kwa kuombana radhi. Ili gari la zimamoto lisilokuwapo liweze kupita, lazima upande mmoja uvunjwe. Seremala alikuwa ndiye anayetengeneza viti vya ukumbi wa Halmashauri. Kwa hiyo ulichaguliwa upande wa mshonaji.

Mshonaji alikuwa shangazi yake Mwenyekiti, dada wa tumbo moja na marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea. Mwenyekiti alikulia mle mle ndani, akilala chini ya meza ya kukatia nguo, akiamka na vipande vya uzi kwenye nywele. Jambo hili lilipotajwa kikaoni, kwa minong'ono, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Kamati," alisema, "haina shangazi."

Walimpigia makofi. Wengine walipangusa macho. Ni nadra sana kumwona kiongozi akijitoa mhanga kwa kutumia nyumba ya mtu mwingine.

*

Kulikuwa na kikwazo kimoja cha kitaalamu. Nyumba haiwezi kubomolewa kupisha barabara kama barabara haijathibitishwa. Barabara haiwezi kuthibitishwa mpaka gari la Kamati lipite. Na gari la Kamati, ambalo lilikuwa pana kama cheo cha waliolipanda, lisingeweza kupita mpaka nyumba ibomolewe. Kamati ilikaa juu ya jambo hilo mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine.

Juu ya hayo kulikuwa na Azimio. Kamati iliyotangulia ilivunjwa kwa aibu, baada ya gari lake kurudi nyuma mbele ya wananchi na kutumbukia mtaroni, na wananchi, kwa kukosa uzalendo, wakacheka. Mwenyekiti alipoingia madarakani kazi yake ya kwanza ilikuwa kupitisha Azimio la Kutorudi Nyuma. Lilikuwa fupi, na alilijua kwa moyo: barabara ni mahali popote gari la Kamati linapopita, likitoka barabara kuu mpaka kwenye mradi, likielekea mbele, na likirudi nyuma hata shubiri moja, mapitio yamebatilika na Kamati imevunjika. "Serikali hairudi nyuma," alipenda kusema, hata akiwa kwenye foleni ya kinyozi.

Suluhisho lilitoka kwa Katibu, ambaye alitaka kwenda nyumbani.

"Kwani lazima gari liwe gari?" akasema. "Si tunaweza kuteua bajaji?"

Wakapiga kura. Bajaji moja ya kijiweni ikateuliwa kuwa gari la Kamati kwa kipindi cha mpito, ikafungwa bendera, ikabandikwa karatasi kiooni yenye maandishi makubwa: GARI LA KAMATI. Dereva wake aliapishwa kutorudi nyuma. Aliapa upesi, akauliza kama kiapo kinahusu pia abiria wa kawaida, akaambiwa akae kimya.

Kabla ya siku yenyewe Mwenyekiti alikwenda na fundi mpaka rangi kuweka alama. Hakushuka garini, lililosimama kwenye mdomo wa kichochoro. Kwa desturi yake alifanya mapitio yote akiwa amekaa, kioo kikiwa kimeshushwa kidogo, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akishuka anaanza kuona mambo madogomadogo.

Shangazi alitoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni, na alijua kuongea bila kuzitoa.

"Umefika mpaka kwangu unashindwa kushuka unisalimie?"

"Shangazi, niko kazini."

"Kwani shikamoo siku hizi haitolewi kazini?"

"Kimsingi ni suala la itifaki."

Mpaka rangi alikuwa ameshachora alama ya X ukutani, nyekundu, inayochuruzika. Shangazi aliitazama akiinamisha kichwa, kama anayetazama mshono wa mtu mwingine.

"Umeipinda," alimwambia. "Mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Sasa niambie, mwanangu, ukishaivunja nyumba mimi nikalale wapi?"

"Utaratibu wa kuwahamisha wadau unaandaliwa."

"Mimi ndiye mdau?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mdau nalala wapi?"

Mwenyekiti alitazama mbele. Swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Akapandisha kioo. Shangazi alibaki amesimama pale, akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye mkono wa gauni lake, na machozi yakamtoka bila sauti. Kisha akaingia ndani, kwa sababu kulikuwa na kazi ya watu.

*

Hapa inabidi jambo moja lielezwe, nalo ni mlango wa Shangazi. Chumba chake kilijaa cherehani na meza ya kukatia, hata mlango haukuweza kufungukia ndani. Ulifungukia nje, ukakiziba kichochoro. Miaka mingi iliyopita aliamua kuutumia huo ubaya. Mteja akitaka kujaribu nguo, mlango unafunguliwa wazi, pazia linatundikwa kutoka kwenye ncha ya mlango mpaka kwenye msumari wa ukuta wa seremala, na nyuma yake mama wa watu anabadilisha nguo kwa amani. Mtaa mzima ulijua: pazia likining'inia, geuka, pitia uwanja wa seremala. Sheria hiyo haikuwahi kupitishwa na kikao chochote, ndiyo maana watu waliifuata.

Siku ya mapitio ilikuwa na jua zuri. Kilimani Mwekezaji alikuwa ameweka mahema, viti na utepe wa kukatwa. Wageni waalikwa walikuwa wameshaanza kula. Kule chini, kwenye barabara kuu, Mwenyekiti alikuwa amemfungulia Mkurugenzi mlango wa bajaji, jambo lililochukua muda kwa sababu bajaji haina mlango. Wakabanana nyuma, yeye na Mkurugenzi na mkoba wake. Katibu, Mhandisi na mpaka rangi walifuata kwa miguu. Nyuma yao ulikuja umati, kwa sababu watu hawana barabara lakini muda wa kutazama wanao.

"Sheria ni moja," Mwenyekiti alimwambia dereva kwa sauti ya kusikika na umma. "Mbele kwa mbele."

"Mbele kwa mbele, bosi."

"Na wewe mwenye rangi, weka alama popote gari linapobanwa. Popote. Usimwogope mtu."

"Sawa, Mheshimiwa."

Bajaji ikaingia kichochoroni. Ilipita vizuri, ikikwaruza hapa na pale, bendera ikipepea kwa kadiri ya nafasi. Mkurugenzi alivuta mkoba magotini. Mwenyekiti alikuwa anaiona tayari barabara yake, na kiwanja chake cha kona, na pengine kibao chenye jina lake. Halafu wakakata kona ndogo, na mbele yao palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi na pazia la maua.

Dereva akasimama.

"Bosi, pazia."

"Liondoe."

"Mimi? Aku! Nina mke na watoto, bosi. Hilo haliondolewi."

Mwenyekiti alikohoa kikohozi cha kiserikali. "Wewe uliyeko hapo nyuma! Hii ni Kamati! Pisha njia mara moja!"

"Nani huyo anayepiga kelele na mimi niko uchi?" ilijibu sauti nzito kutoka nyuma ya pazia.

Mwenyekiti aliitambua. Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake.

Kuna mambo ambayo hata madaraka hayafundishi mtu kuyafanya. Kumwona mama mkwe wako akiwa hajavaa ni la kwanza kwenye hayo. Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea kadi ya mwaliko wa sherehe, na mama wa watu alikuwa amekuja kupanuliwa gauni kiunoni ili apendeze.

"Ni nani?" sauti ikauliza tena. "Sauti kama naijua."

"Pita kushoto," Mwenyekiti alimnong'oneza dereva. "Upesi. Uwanja wa seremala. Mwisho wake kuna pengo, tunatokea kichochoroni huko mbele."

Alilikumbuka pengo hilo vizuri. Utotoni alilipita kila siku akikimbia, na lilikuwa kubwa ajabu. Ila tangu apewe gari hakuwahi kulitazama tena. Bajaji ikakunja kushoto, ikaingia getini kwa seremala, ikapita juu ya maranda na vipande vya mbao, seremala akainua randa yake kuwapungia, na walipofika mwisho wa uwanja wakaliona pengo. Lilimtosha mbuzi, au mtu akipita kwa ubavu. Pengo halikuwa limepungua hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo wakati ule.

Kushoto palikuwa na ukuta. Nyuma palikuwa na umati, na Katibu mwenye peni. Kulia, geti kubwa la nyuma la seremala, lile la kuingizia magogo, lilikuwa wazi.

"Huku kuna njia pana sana," alisema Mkurugenzi, akinyoosha shingo. "Inakwenda wapi?"

"Kimsingi..." alisema Mwenyekiti.

"Inapanda kilimani," akasema dereva, mtu aliyekuwa na haraka na siku yake.

"Basi twende. Au turudi nyuma?"

Mwenyekiti alipiga hesabu. Akisema rudi, Kamati imevunjika na yeye pamoja nayo, mbele ya watu wale wale wanaopenda kucheka. "Mbele," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

Bajaji ikaingia kwenye njia ya malori ya mawe. Ilikuwa laini, imenyooka, haina shimo. Mkurugenzi aliachia mkoba, akakaa vizuri, akafurahia upepo.

"Mbona sioni miba?" akauliza.

"Wameing'oa wananchi, kwa kujitolea."

Mbele likatokea geti jeusi la chuma lenye vichwa viwili vya simba vya dhahabu. Mlinzi alimwona Mwenyekiti, akaruka kutoka kitini, akafungua pande zote mbili, akapiga saluti mpaka kofia ikaanguka.

"Karibu nyumbani, bosi!"

Mkurugenzi akageuza kichwa polepole. "Amesema nyumbani?"

"Nchi yetu, Mheshimiwa. Nchi ni nyumbani kwa kila mtu."

Mkurugenzi alikuwa anatazama nyumba. Ilikuwa imesimama mbele yao imeziba pande zote, ukuta hadi ukuta, ghorofa na vioo na nguzo. Kwenye ngazi za baraza palikuwa na mteremko wa saruji, ambao Mwenyekiti aliujenga kwa ajili ya magoti ya mama mkwe wake. Mlango wa mbele ulikuwa mpana kupita kiasi. Siku ya kuhamia aliwaambia wageni kwa kujigamba kwamba mlango huo hata gari linapita. Leo ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na mwisho wa sebule mlango wa nyuma nao ulikuwa wazi, na kupitia humo kilima kilionekana, na mahema, na utepe.

Dereva alipunguza mwendo. "Bosi, hii ni nyumba ya mtu."

Maneno yalikuwa kwenye ulimi wa Mwenyekiti. Ni yangu. Simama. Nilidanganya. Hayakuwa magumu kutamka, mtoto mdogo angeyaweza. Lakini alifikiria kikao, muhtasari, kibali ambacho hakikuwapo, uso wa Mkurugenzi, na kicheko cha wale walio nyuma. Akamtazama dereva kwenye kioo.

"Hapa ni pori," alisema. "Mbele."

Wakapanda mteremko wa magoti ya mama mkwe, wakaingia sebuleni.

Mke wake alikuwa anapiga deki, kitambaa kichwani. Aliinua macho akaona bajaji yenye bendera inapita juu ya zulia lake, na ndani yake mumewe amekaa wima akitazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Baba Pacha! Kulikoni? Jamani, matairi! Futeni matairi, nimedeki sasa hivi!"

"Huyu mama anakufahamu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Mpiga kura," alisema Mwenyekiti, midomo haitikisiki.

"Mpiga nini?" Mke aliliacha fagio la deki likaanguka. "Mimi? Haya. Sawa. Leo jioni utaijua kura yangu."

Kochi kubwa la ngozi lilikuwa katikati ya njia. Bajaji ikalisukuma kwa pua yake, taratibu, mpaka likapisha. Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, Mwenyekiti mkubwa kuliko Mwenyekiti halisi alikuwa anatabasamu, mkono mmoja kifuani.

"Pori hili lina picha yako," alisema Mkurugenzi.

"Mapenzi ya wananchi, Mheshimiwa. Wananibandika kila mahali."

Umati nao ulikuwa umeingia, kwa adabu, baadhi wakivua viatu. Mpaka rangi aliyeambiwa asimwogope mtu hakumwogopa mtu. Alichora X mlangoni, akachora X kwenye kabati la vyombo, akachora X kubwa ukutani pembeni ya picha, na safari hii miguu yote ilikuwa sawa. Katibu alikuwa akiandika huku akitembea. Mhandisi alisimama kidogo katikati ya sebule, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema peke yake kwa furaha ya kitaalamu: "Gari la zimamoto linapita hapa bila kugusa."

Bajaji ikatokea mlango wa nyuma, ikapanda kilima, ikasimama mbele ya utepe. Wageni waalikwa walipiga makofi, mikono ikiwa na mafuta.

*

Mwenyekiti alishuka. Alijaribu mara moja tu.

"Mheshimiwa, kimsingi, kabla ya utepe, naona kuna haja ya kuipitia upya..."

"Kupitia upya si ndiko kurudi nyuma, Mwenyekiti?"

"Ndiyo, lakini..."

"Azimio ni la nani?"

"Langu, Mheshimiwa."

"Zuri sana. Fupi." Mkurugenzi alichukua mkasi kutoka kwenye sahani. "Nimejionea mwenyewe. Barabara imenyooka, pana, imetoka barabara kuu na kufika hapa. Kile kichochoro kina nini tena? Gari la Kamati halikukimaliza, kwa hiyo si barabara. Alama ya yule mama ifutwe."

Mhandisi akanyoosha mkono, na safari hii hapakuwa na meza ya kufichia miguu ya wanaokanyaga. "Na ile nyumba tuliyopita ndani yake? Mwenyewe atafidiwaje?"

"Nyumba ipi?" aliuliza Mkurugenzi kwa upole. "Katibu, tusomee. Upande ule tuliandika kuna nini?"

Katibu akarudisha kurasa. "Pori tupu. Halina jengo. Nyoka wakubwa."

"Na taarifa hiyo ilitolewa na nani?"

"Na Mwenyekiti, Mheshimiwa. Ikapokelewa bila kupingwa."

"Basi hakuna cha kubomoa na hakuna wa kufidiwa. Tingatinga lisafishe tu pori."

"Na nyoka, Mheshimiwa?" Katibu aliuliza, maana alipenda kumbukumbu zikamilike.

Mkurugenzi alimtazama Mwenyekiti kwa utulivu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Andika kwamba mmoja nimepanda naye bajaji," akasema, akakata utepe.

*

Tingatinga lilikuja na dereva mchangamfu. Hakubomoa nyumba yoyote. Muhtasari uko wazi kuhusu hilo. Alisafisha pori lenye vioo, nguzo, na vichwa viwili vya simba. Mwekezaji alituma salamu za shukrani kwa Kamati, na kile kiwanja cha kona alikihitaji kwa kibanda cha mlinzi. Mke wa Mwenyekiti aliwachukua mapacha akahamia kwa mjomba wake, akaacha ujumbe kwamba mpiga kura amehamisha kituo.

Mwenyekiti alibaki na kochi la ngozi, kwa sababu lilikuwa zito mno kuibiwa. Alizunguka mtaa mzima akitafuta pa kulala. Waliompigia makofi walikuwa na wageni, kila mmoja kwa bahati mbaya siku hiyo hiyo. Jua lilipoanza kushuka alifika kwenye mdomo wa kichochoro kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na nyuma yake wapagazi wawili wamebeba kochi vichwani.

Shangazi alikuwa ametoka nje kukung'uta vipande vya nguo. Ukutani alama nyekundu ilikuwa imefutwa, limebaki doa la waridi. Alimwona, akasubiri.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Mwenyekiti. Hakutanguliza neno lolote.

"Marahaba." Alimtazama kuanzia juu hadi chini, pini mdomoni. "Umekonda. Koti hilo nitalipunguza. Chini ya meza pako pale pale, ila miguu itabaki nje."

"Shangazi, mimi nilitaka kukuvunjia..."

"Najua ulichotaka. Nilikuwepo." Hakumpunguzia neno hilo hata kidogo, alimwacha alisikie. "Nitakuuliza, lakini si leo. Leo nina mteja anajaribu nguo."

Akarudi ndani. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na pazia la maua linaning'inia kutoka ncha yake mpaka kwenye msumari wa seremala. Wapagazi walikuwa wameshaingia na kochi kichochoroni, limebana kushoto na kulia, jasho linawatoka. Nyuma ya pazia mtu akaacha kubadilisha nguo.

"Nani huyo tena?" iliuliza sauti nzito. "Mbona kama naijua hiyo pumzi?"

Watu wa mtaani walikuwa wameanza kujikusanya kwenye mdomo wa kichochoro, wakisubiri kwa hamu.

"Mzee, kochi linatuua," alisema mpagazi wa mbele. "Tusonge mbele au vipi?"

Mwenyekiti alilitazama pazia. Kisha akawageukia wale waliosimama, akawaona wote, mmoja mmoja, na wao wakamwona.

"Rudini nyuma," alisema.